Mipira mikubwa kwenye Jimny yangu: "mwambie mama asikimbize gari"

Nianze na hilo hilo maana ndo lilonitoa roho. Nimesimama mie, mwenye gari, kadi ya gari ina jina langu, pesa zimetoka mkobani mwangu, na yule kijana wa duka la mipira ya gari anamtazama mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na tisa hata leseni hana, anamwambia "mwambie mama asikimbize gari, gari hizi zinataka kujuliwa." Mwambie mama! Kwani mie jini sionekani?

Duka sitalitaja, lipo mjini, wenye kujua watajua.

Sasa turudi nyuma. Nina Suzuki Jimny ile ya zamani ya 1300. Naishi Kiembesamaki hapa Unguja, kazi mjini, kwa hivo kila siku ya Mungu ni lami na foleni ya Mwanakwerekwe, na wikiendi nakwenda kumtazama mama Makunduchi, nako lami karibu na mlango. Mtu wa lami mipira ya matope ya nini? Suala zuri, na wa kuniuliza alikuwa muuzaji, hakuuliza. Kanionesha picha kwenye simu, Jimny imenyanyuka, mipira imejaa mpaka juu, meno kama ya mamba, nikasema loh hiyo ndo gari yangu. Hapo kosa langu nalikubali, urembo ulinipata.

Mipira ilokuja na gari ni saizi 205/70R15, yeye kanifunga kubwa zaidi, 235/75R15, akasema haikai mpaka gari inyanyuliwe, akatia vipande kwenye springi, pesa nyingine hiyo. Natoka dukani tu, hata sijafika mbali, nakata kona usukani mpaka mwisho, krrrrr, mpira unasugua plastiki ya ndani ya madigadi. Nikarudi. Akatoa kisu, wallahi kisu cha jikoni chenye mpini wa njano, akaikata ile plastiki kama anakata boga, "tayari." Tayari nini, nikipakia watu wanne ilikuwa inasugua vile vile.

Mama yangu ana magoti. Zamani anafungua mlango anakaa tunakwenda. Baada ya mipira hii akawa anasimama nje anaitazama gari kama anatazama mnazi, "mwanangu, hii nipande na kamba?" Ikabidi nimnunulie kigoda, kinakaa nyuma ya siti, tukifika mahala kinateremshwa kigoda kwanza halafu ndo anateremka bi mkubwa, na majirani wote nje wanatazama.

Na mlio. Kwenye lami meno yale yanaimba vuuuuu kuanzia arubaini, ukifika themanini mtu wa pembeni yako lazima umpigie kelele. Siku moja mama akanambia ndege hii inateremka chini sana leo. Kweli nyumbani kwangu na uwanja wa ndege ni jirani, lakini wakati ule tulikuwa Tunguu mama. Mwanangu yuko kidato cha pili kakaa na daftari kapiga hesabu, mpira wa zamani kimo chake sentimita 66.8, huu 73.3, ananambia mama ukiona 80 kwenye saa ya spidi wewe unakwenda karibu 88. Ndo maana nilikuwa nawapita watu huku najiona naendesha kwa adabu. Na kigari chenyewe injini ndogo kikawa kizito kuondoka kama kinavuta jahazi, mafuta usiniulize. Mvua ikinyesha lami ikarowa ndo balaa zaidi, meno makubwa mapengo makubwa, mpira unaoshika njia mchache, raundi abauti ya Amani nilikanyaga breki gari ikaendelea na safari yake peke yake, alhamdulillahi mbele hakukuwa na mtu.

Yote hayo nilivumilia. Nilivumilia kwa sababu kila nikiegesha watu wanageuza shingo, nitasema uongo?

Mpaka siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ya Makunduchi, watu wanapopigana kwa migomba. Mama mbele, watoto nyuma, chakula kwenye hotipoti. Nimepita Tunguu nakwenda sabini na kitu, nikapita penye kishimo kidogo tu cha lami, hata shimo si shimo, usukani ukaanza. Si kutetemeka huko jamani, ni kutapatapa, kulia kushoto kulia kushoto kama umemshika jogoo anayechinjwa. Gari nzima inacheza mbele, hotipoti zinagongana, mama anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, nami nikaachia mafuta taratibu taratibu, sikuthubutu kukanyaga breki kwa nguvu, mpaka spidi iliposhuka chini ya thelathini ndo ikatulia. Nikaegesha chini ya mwembe. Nilitaka kunywa maji nikashindwa kufungua kizibo cha chupa, vidole vinacheza, mtoto akanifungulia. Tukenda mwendo wa punda mpaka Makunduchi, tunafika watu washamaliza kupigana migomba, watoto wananuna na mie ndo mkosa.

Jumatatu yake nikaenda dukani, nikamchukua mtoto wa dada yangu kwa bahati mbaya. Nasema bahati mbaya maana ningekwenda peke yangu labda yule kijana angelazimika kusema na mie. Yupo kwenye kiti anakunywa juisi ya miwa. Namsalimia, naeleza usukani unacheza hivi na hivi. Ananisikiliza mpaka namaliza halafu ananiuliza, "mwenye gari yuko wapi?" Nikamwambia ni mie. Akacheka. Akamgeukia mtoto, ndo yale ya mwambie mama asikimbize. Hakuinuka, hakuinama kushika hata mpira mmoja, juisi mkononi. Nikamwambia wee kijana, mie umri wa kukuzaa ninao, inuka uitazame gari. Akasema, kamwambia mtoto tena si mie, "mipira ishatumika hairudi, kama mama anataka gari la kimya mnunulieni Vitz." Mtoto wa watu kainamisha kichwa anatazama viatu vyake. Nikaondoka kabla sijamwagia mtu juisi.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja Jang'ombe, fundi wa chini ya mti, hana bango hana kitu. Kaniita binti yangu, na kwa umri wangu huu nikafurahi. Kainua gari kwa jeki, akaniita, "njoo binti yangu, kamata mpira juu na chini, tikisa." Nikatikisa, nikasikia mwenyewe mkononi, kok kok kok. Bearing za kingpini, pale gurudumu la mbele linapogeukia, zimeisha. Tena kanieleza kama mtu mwenye akili, kwamba ugonjwa huu Jimny za zamani wanao, gari ilikuwa nao tokea mipira ya mwanzo, ila mpira mdogo unauficha na mpira mzito unaupigia ngoma. Na magurudumu mawili ya mbele risasi za balansi, vile vipande vya kusawazisha gurudumu, hazipo, hakuna anayejua zilianguka lini au kama ziliwahi kuwekwa.

Kwa hivo nikae na haki, kutapatapa kule si kosa la mipira peke yake na si kosa la duka lote. Nilianza hata kumwonea huruma yule kijana. Halafu mzee akafuta vumbi ubavuni mwa mpira kwa kidole, akanionesha tarakimu nne kwenye kiduara, 1417. Wiki ya kumi na nne, mwaka 2017. Kiwandani ilitoka zamani hiyo! Mie niliuziwa "mipya imeshuka bandarini juzi." Mipya kweli, haikuwahi kukanyaga njia, lakini ilikuwa imekaa stoo miaka inakauka. Huruma ikaisha pale pale. Nawaambia mkienda kununua mpira tazameni tarakimu hizo kabla hamjatazama meno, na muuzaji akikuuliza mwenye gari yuko wapi ondokeni.

Mzee kabadilisha bearing, kanifunga 215/75R15 za meno ya kawaida, vile vipande vya springi kavitoa. Gari imerudi kuwa gari. Mama anapanda bila kigoda. Duka lile nyota moja, na hiyo moja kwa sababu haiwezekani kutoa sifuri.

Mipira yenyewe lakini sijui niipe ngapi. Maana sijasema la Cheju. Masika ile tuna mpunga wetu bondeni, udongo ule ukirowa unashika mguu mpaka ukutoe kiatu, Noah imekwama, lori la mchanga limekwama nyuma yake, wanaume wamepandisha suruali wanasukuma. Mie nikatia foo wili, magurudumu yote manne yavute, gia ya chini, nikapita pembeni taratibu, matope yanaruka mpaka kwenye kioo, gari haikuteleza hata kidogo. Mzee mmoja kwenye kundi akasema "mashallah, bibi huyu." Mtu hasahau. Kwa hilo nilikuwa naipa nyota tano, halafu nikikumbuka lami ya kutoka Tunguu zinabaki mbili. Kama shamba lenu liko bondeni na mnakwenda kila siku, nunueni, ila saizi ya kiasi. Kama ni wa mjini kama mie msi... aa, sijui, yale macho ya watu ukiegesha Forodhani nayo yana thamani yake.

Minne ipo uani imefunikwa turubai. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba naiuza, nimefuta, masika haiko mbali. Labda mmoja mmoja kwa mwenye kutaka spea, bei tutasikilizana. Ila ule wa chini kabisa kuku keshatamia ndani, huo mpaka baada ya wiki tatu.