Intanshipu ya maabara ya kansa: nyota 4 kati ya 5

Wale mnaosoma bayolojia Marekani na mnataka intanshipu ya kiangazi kwenye maabara ya kansa, ombeni tu, ila msidhani mnaenda kugundua dawa. Kazi kubwa ni kulea seli, na nasema kulea kweli, zinakaa kwenye inkubeta nyuzi 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5, unazibadilishia chakula, zikijaa unazigawa, bakteria wakiingia ndo basi tena unatupa zote unaanza upya, na jumapili unaenda maana seli hazijui wikendi. Sisi tulitumia HeLa, zile seli za kansa za mgonjwa mmoja, mama Henrietta Lacks, zilizochukuliwa kule Baltimore 1951, tena bila ruhusa yake, akafariki mwaka huohuo lakini mpaka leo bado zinagawanyika, mi hiyo ilinisisimua mwili aisee.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya profesa, humwoni kabisa, anayekufundisha ni mwanafunzi wa PhD ambaye hata yeye hajalala. Posho ipo ila kodi ya chumba inaimeza karibu yote, ulizeni mapema kama wanatoa hosteli.