Makopo ya TS ya Tamiya kwenye Datsun 240Z ya Safari: uzoefu wangu wa miezi saba

Kwa miezi saba nimekuwa nikipaka rangi gari moja tu, nalo lina urefu wa sentimita 17 hivi. Ni Datsun 240Z ya kuunganisha iliyotengenezwa na Hasegawa, kampuni ya Japani ya modeli, kwa skeli ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi, mfano wa gari namba 11 ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya mwaka 1971: bodi nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa. Rangi nilizotumia ni za makopo ya kupuliza ya Tamiya, jamii ya TS, pamoja na praima yao, yaani rangi ya msingi, na dawa zao za kung'arishia. Nazieleza hapa kwa urefu kwa sababu nilipokuwa nikianza sikupata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili, na makosa niliyoyafanya yangeweza kuepukika.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Muscat. Marehemu babu alikuwa akituhadithia Datsun za Safari kama watu wengine wanavyohadithia wachezaji wa mpira, na baba yangu ni fundi bodi aliyestaafu, kwa hiyo harufu ya thina na sauti ya msasa wa maji nimekua nazo. Nyumbani kwangu sina nafasi ya pampu ya hewa wala bunduki ndogo ya rangi, ndiyo maana nikachagua makopo.

Kopo moja la TS lina mililita 100. Kwa bodi ya skeli hii, kopo moja la rangi linatosha na kubaki, ila vanishi nunua makopo mawili. Angalia pia herufi kabla ya kulipa. TS ni rangi ya plastiki ngumu ya modeli, na PS ni ya bodi laini za polikaboneti za magari ya rimoti, zinazopakwa kwa upande wa ndani. Muuzaji mmoja alinipa PS akanihakikishia kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na PS haifai kwa plastiki ya modeli hizi.

Kabla ya rangi kuna kazi ambayo watu wengi huiruka. Niliosha bodi kwa sabuni ya vyombo na mswaki laini ili kuondoa mafuta ya kiwandani, nikakwangua mistari iliyoachwa na kalibu ya kiwandani, kisha nikapitisha ncha ya kisu taratibu kwenye kila mfereji wa milango na boneti ili uwe na kina zaidi. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Rangi ya gari halisi ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukigawanya kwa 24, rangi ya modeli ilipaswa kuwa na unene wa mikroni nne tu, yaani sehemu nne za elfu za milimita, jambo ambalo hakuna kopo wala mkono unaoliweza. Sisi tunapaka praima, rangi na vanishi, na kwa kipimo cha gari halisi ni kama tunalikandika udongo. Mifereji isipochimbwa mapema, rangi huijaza na milango huonekana kama imechorwa kwa penseli.

Praima niliyotumia ni ile ya waridi. Tamiya huuza praima ya kijivu, nyeupe, ya rangi ya kutu na ya waridi, na uchaguzi huu si wa mapambo, kwa kuwa rangi nyekundu haifuniki vizuri kilicho chini yake. Juu ya kijivu, nyekundu hugeuka nzito na kuelekea hudhurungi, lakini juu ya waridi inakuwa hai. Nilijaribu zote mbili kwenye vijiko vya plastiki kabla ya kugusa bodi, na tofauti ilionekana hata kwa mke wangu ambaye hana habari na magari. Praima ilipokauka niliipitishia msasa namba 1500 wenye maji, kidogo tu, hadi mikwaruzo na vumbi vikaondoka.

Nyekundu yenyewe ni TS-8. Hapa ndipo makopo haya yanapostahili sifa, maana ukungu wa rangi unaotoka ni laini sana na rangi hujinyoosha yenyewe inapokauka. Nilisimika bodi juu ya chupa, nikashika kopo umbali wa sentimita 25 hivi, nikaanza kupuliza nje ya bodi na kumalizia nje ya bodi, mkono ukienda bila kusimama. Pigo, yaani tabaka moja la kupuliza, la kwanza ni la vumbi tu, jepesi, bodi ibaki na madoadoa. La pili, baada ya dakika kumi, hufunika nusu. La tatu ndilo la maji, yaani zito hadi rangi ilowe, na hili halifundishiki kwa maneno pekee: niliweka taa ya mezani upande wa pili nikawa natazama jinsi mwanga wake unavyojikusanya juu ya paa. Mwanga ukiwa na chembechembe, rangi bado ni kavu mno. Ukigeuka ghafla kuwa mstari mmoja mnyoofu kama juu ya kioo chenye maji, hapo hapo uondoe mkono, kwa sababu nukta moja zaidi huleta mchirizi.

Watu wa nchi za baridi hushauri kopo liloweshwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi joto 40, ili msukumo uongezeke na matone yawe madogo. Ni ushauri mzuri, nami naufuata ikiwa kopo limelala kwenye chumba chenye kiyoyozi. Lakini kwa wenzangu wa Ghuba nasisitiza kwamba kopo lisiachwe kamwe ndani ya gari wakati wa kiangazi. Ni chombo chenye gesi iliyoshindiliwa na thina inayowaka, na joto la ndani ya gari lililofungwa hapa huvuka kwa urahisi kile ambacho kopo linaruhusiwa kupata.

Sasa nifike kwenye kosa. Mwezi wa Agosti, nikiwa tayari nimebandika vibandiko vya maji, yaani namba na maandishi ya gari yanayolowekwa kabla ya kubandikwa, na kuvisubiri siku tatu, nilipanda darini usiku na kopo la vanishi, TS-13. Hewa ilikuwa nzito kiasi kwamba shati lilinigandia mwilini. Nilipuliza pigo la kwanza, na ndani ya dakika mbili gari jekundu likawa na utando mweupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Nilidhani nimeliharibu kabisa. Kilichotokea ni kwamba thina inapoondoka kwa kasi huipoza rangi, unyevu wa hewa unajikusanya juu yake kama umande na kunaswa ndani. Nilimpigia baba simu, naye hakushangaa hata kidogo. Aliniambia, "Hilo ni jambo la pwani, mwanangu. Sisi siku za mvua tulikuwa tunafunga karakana. Liache kwanza, rangi haikimbizwi." Nililiacha hadi Novemba. Hewa ilipokauka nilipuliza pigo moja jepesi sana la vanishi hiyo hiyo, thina yake ikalainisha utando wa chini, unyevu ukatoka na wekundu ukarudi mbele ya macho yangu. Tangu hapo nina kipimo kidogo cha unyevu ukutani, nami sipulizi vanishi kikizidi asilimia 60.

Jambo la pili kuhusu vanishi ni vibandiko. Hii ni vanishi yenye thina kali, na ikimiminwa nzito juu ya kibandiko hukilainisha na kukikunja. Mimi nilipiga mapigo mawili ya vumbi, nikasubiri nusu saa kila moja, ndipo nikapiga mawili ya maji. Namba 11 ya mlangoni haikujikunja hata kidogo.

Kisha nikaliacha gari wiki tatu ndani ya sanduku. Kipimo changu ni pua: ukifungua sanduku na bado linanuka thina, rangi ya ndani haijakauka, na ukiisugua sasa itakuja kunywea baadaye. Harufu ilipoisha nilisugua kwa msasa laini wa maji, 3000 kisha 6000, hadi ile hali ya ganda la chungwa, yaani vijibonde vidogo juu ya rangi, ikaisha na bodi yote ikawa na ukungu mmoja sawasawa. Baada ya hapo zilifuata dawa tatu za Tamiya za kung'arishia, kuanzia ya chembe kubwa hadi ya mwisho, kila moja na kitambaa chake. Kingo za matao ya magurudumu usiziguse na msasa. Rangi hapo huwa nyembamba kuliko kokote, na mimi niligusa mara moja tu, waridi ya praima ikatokeza kama kidonda. Niliirekebisha kwa tone la rangi lililotiwa kwa ncha ya kijiti cha meno, ila kwa mwanga wa jua bado napaona.

Boneti nyeusi niliifanya mwisho kabisa, ili vanishi isiing'arishe. Niliikwaruza kidogo kwa msasa, nikaizungushia utepe mwembamba wa karatasi wa njano, nikakandamiza ukingo kwa ukucha, halafu nikapitisha pigo jepesi la vanishi kwenye ukingo huo kabla ya TS-6 nyeusi. Vanishi huziba vijitundu vya utepe, na kama kuna kitakachopenya ni hiyo isiyo na rangi. Utepe niliuvuta rangi ikiwa bado laini, nikiukunja kwa nyuma. Mstari uliotokea ni mnyoofu kama wa wembe, na nakiri kwamba nilikaa nikiutazama kwa muda mrefu.

Mifereji ya milango niliitia wino wa hudhurungi badala ya mweusi, kwa sababu mweusi juu ya nyekundu huonekana kama ufa. Fremu za madirisha nilizibandika karatasi nyembamba ya metali, nikaikata kwa wembe mpya.

Malalamiko yangu juu ya makopo haya ni mawili. Mdomo wake una kiwango kimoja tu cha kutoa rangi, hivyo vitu vidogo kama vioo vya pembeni hupokea rangi nyingi kuliko vinavyohitaji, na sehemu kubwa ya kopo huishia hewani. Hiyo hewa ndiyo unayovuta, kwa hiyo nunua barakoa yenye vichujio vya mvuke wa thina, kwani ile ya kitambaa haisaidii chochote. La pili ni usafiri, kwa kuwa makopo ya rangi hayaruhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege, na ndugu wengi wa Mombasa na Dar es Salaam wananiomba niwaletee kitu nisichoweza kukipakia. Wao ningewashauri wanunue brashi ndogo ya hewa na kuchanganyiwa rangi katika maduka ya rangi za magari, halafu waijaribu kwanza juu ya praima kwenye kijiko, maana thina ya rangi za magari inaweza kuyeyusha plastiki tupu.

Gari limemalizika wiki iliyopita. Sikulitia vumbi jekundu la Tsavo ingawa chaki ya kusaga ninayo tayari, kwa sababu baba alipoliona kwenye simu aliniuliza limepakwa na nani. Nimekwisha nunua jingine, lile la 1973 ambalo Shekhar Mehta alishinda nalo baada ya kulingana pointi na Harry Källström, na makopo mawili ya vanishi yamo kabatini. Kipimo cha ukutani leo asubuhi kilisoma asilimia 71.