SUV ya Petroli kwa Shilingi Milioni Moja: Ipi Inafaa Kununuliwa Mombasa

Mtu anayetafuta SUV ya petroli iliyokwisha kutumika, huku mfukoni ana shilingi milioni moja au pungufu kidogo, huanza kwa kuuliza ni aina gani iliyo bora kuliko nyingine. Nitazipanga hapa chini kwa jinsi ninavyoziona baada ya miaka mingi ya kuandamana na jamaa na majirani kwenye yadi za magari za Mombasa. Hata hivyo kuna jambo moja linaloutangulia mpangilio wowote: katika mji uliozungukwa na bahari, hali ya gari lenyewe huamua mengi kuliko jina lililobandikwa nyuma yake, na gari la daraja la tatu lililotunzwa vyema litakufaa kuliko la daraja la kwanza lililooza chini.

Kwa fedha hizo, kuagiza gari kutoka Japani ni vigumu. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na juu ya bei ya kununulia huja ushuru wa forodha, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500 na asilimia 25 kwa iliyozidi hapo hadi cc 3000, kisha VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo unachonunua ni gari lenye namba za usajili zinazoanza na KB au KC, lililotengenezwa takriban kati ya 2006 na 2012, ambalo limekwisha kupita mikono miwili au mitatu hapa nchini. Nakuomba sana usiitumie milioni yote. Tafuta gari la laki nane na nusu, na ile laki moja na nusu iliyobaki uiweke kwa ajili ya tairi, betri, oili zote, bushi na shokabsoba, kwa maana gari la umri huo halikosi kudai haki yake katika miezi mitatu ya kwanza.

Maji ndiyo adui wa kwanza wa gari la Pwani, nayo huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni chumvi. Gari lililolazwa miaka kumi karibu na ufuo wa Nyali au Bamburi, au lililovuka feri ya Likoni kila siku, ambapo wakati wa maji ya bamvua magurudumu hukanyaga maji ya bahari pale kwenye gati, huanza kuliwa na kutu kutoka chini, na juu likawa bado linang'aa. Lipandishe kwenye shimo la fundi, uchukue bisibisi, ugonge taratibu kingo za chini za milango, viungo vya sapensheni na mabomba ya breki. Bati zima hulia kwa sauti kali, ilhali lililooza hulia kama kopo lililojaa mchanga, na mara nyingine bisibisi hupenya. Dawa nyeusi ya lami iliyopakwa upya upande wa chini, wakati sehemu nyingine zote za gari ni kuukuu, iwe sababu ya kukagua zaidi, kwani huenda imepakwa kuficha kutu.

Njia ya pili ni mafuriko. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilijaza maji mitaa mingi ya Mombasa, na kila masika magari kadhaa huzama hadi kwenye viti, yakakaushwa, yakaoshwa na kurudi sokoni. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa gari la aina hiyo na muuzaji niliyemwamini. Kwa muda wa miezi miwili halikuwa na tatizo lolote, kisha taa za dashibodi zikaanza kuwaka zenyewe, vioo vikakataa kupanda, na siku fundi wa umeme alipofunua zulia la upande wa dereva tulikuta tope jembamba kama unga limekauka juu ya soketi za nyaya. Tangu siku hiyo sinunui gari kabla ya kuuvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kwa sababu watu huosha zulia na viti lakini husahau sehemu ya mkanda inayojikunja ndani, na huko mstari wa tope hubaki. Angalia pia misumari ya reli za viti na kile kishimo cha tairi ya akiba ndani ya buti.

Katika mpangilio wangu, nafasi ya kwanza naipa Honda CR-V ya kizazi cha tatu, ile iliyouzwa Japani kuanzia 2006 hadi 2011. Ina injini ya cc 2400 ya familia ya K24, yenye taiming cheni badala ya belti, na gia boksi ya automatiki ya kawaida ya gia tano. Hiyo gia boksi ndiyo sababu kubwa ya kuitanguliza, kwani washindani wake wengi wa miaka hiyo walikwisha kuhamia kwenye CVT, yaani gia boksi ya automatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua, na katika joto letu na foleni zetu, gia boksi ya kawaida ambayo fundi wa Kisauni au Changamwe anaifahamu ni amana. Mambo ya kukagua ni machache. Mwambie fundi asikilize injini inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, kwani mlio wa kukwaruza wa sekunde moja au mbili huashiria kuchakaa kwa gia ya kamshafti. Kata kona kali polepole kwenye uwanja, na ukisikia mngurumo nyuma, jua oili ya difu, ule mfumo wa gia wa ekseli ya nyuma, haijabadilishwa kwa muda mrefu. Mara nyingi kubadilisha kwa oili ya Honda yenyewe hutosha. Kompresa ya AC nayo ichunguzwe kwa makini, kwa sababu ikisagika hutawanya vumbi la chuma kwenye mfumo mzima, na matengenezo yake si ya bei ndogo.

Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, ya 2005 na kuendelea, inafuata kwa karibu sana, pamoja na ndugu yake Vanguard mwenye viti saba katika baadhi ya matoleo. Spea zake hupatikana kila mahali, na siku utakapotaka kuuza hutakosa mnunuzi. Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili tu. Zile zilizotoka Japani zikiwa na injini ya cc 2400 hutumia CVT, na injini yenyewe, 2AZ-FE, ina historia ya kula oili kutokana na pistoni na ringi zake, kasoro ambayo Toyota iliitambua kiasi cha kuwaongezea wateja wa Marekani muda wa dhamana. Njia ya kuijua ni rahisi. Nenda bila kutoa taarifa mapema, chomoa kijiti cha oili kabla injini haijawashwa, kisha chungulia ndani ya bomba la moshi na upitishe kidole. Masizi makavu ni ya kawaida, lakini utando mweusi wenye mafuta, pamoja na oili iliyoshuka hadi alama ya chini, unakueleza kwamba utakuwa unaongeza lita moja kila baada ya wiki chache. RAV4 isiyo na dalili hizo ni gari zuri sana, na yeyote aliyeipata asisite kuipendelea mbele ya CR-V iliyochoka.

Nissan X-Trail ndiyo yenye bei nafuu zaidi kati ya zote, nayo huwaponza wengi kwa sababu hiyohiyo. Ile ya 2007 hadi 2013 ina injini nzuri ya cc 2000 yenye cheni, lakini CVT yake haipendi joto: oili ya gia ikichemka, kompyuta hupunguza nguvu ili kuilinda, na gari hujikokota kama lililobeba mizigo ya bandarini. Usikubali kulijaribu kwa kuzunguka mtaa mmoja. Liendeshe hadi Kombani, ulipandishe kilima cha kwenda mjini Kwale likiwa na watu wanne na AC imewashwa, urudi, kisha upande tena. Likimaliza safari hiyo bila kutetemeka wala kupoteza nguvu, na mwenyewe akawa na risiti za kubadilisha oili ya CVT aina ya NS-2, ni ununuzi wa haki. Ile ya zamani zaidi, iliyotoka 2000 hadi 2007, ina gia boksi ya kawaida ya gia nne, na kwa mtu mwenye laki tano au sita tu naiona kuwa chaguo lenye busara, mradi awe tayari kubadilisha sensa za kamshafti na krankshafti zinapoanza kulizima gari njiani.

Subaru Forester ya 2007 hadi 2012 inapendwa na vijana, na kwa kweli barabara yenye matope haiisumbui. Naiweka ya nne kwa sababu inadai nidhamu ambayo wamiliki wengi waliotangulia hawakuwa nayo. Injini za mwanzo, EJ20, hutumia taiming belti ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, na asiyekuwa na ushahidi wa kuibadilisha ahesabiwe kuwa hakuibadilisha. Kuanzia mwishoni mwa 2010 ikaja FB20 yenye cheni. Tairi zote nne ni lazima ziwe zimelika kwa kiwango kimoja, la sivyo mfumo wa magurudumu manne hujiumiza wenyewe. Matoleo ya tabo (turbo), kwa bajeti hii, yaache.

Kwa anayezunguka mjini tu, kutoka Mtwapa hadi Kongowea na kurudi, Toyota Rush ya cc 1500 inamtosha, ingawa barabara kuu ya kwenda Nairobi huionyesha unyonge wake. Suzuki Escudo nayo ninamwekea mwenye shamba lake ndani ya Kwale au Kilifi, kwa kuwa ina gia nzito za kupandia ambazo hizo nyingine hazina, ila inapenda petroli. Bei ya petroli hutangazwa upya na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na mafuta, tarehe 14 ya kila mwezi, na ingawa Mombasa kwa kawaida ndiyo yenye bei ya chini kwa kuwa mafuta yanashukia hapa, tofauti hiyo ya shilingi chache haitoshi kufuta ulaji wa injini kubwa. Kwa sababu hiyo Vanguard ya V6 na SUV za Ulaya zilizoshuka bei sikuziweka kwenye mpangilio kabisa.

Ukishachagua, lijaribu gari saa saba mchana. Lisimamishe juani likinguruma kwa dakika 20, AC ikiwa juu, huku ukitazama kipimo cha joto na kusikiliza feni za radieta. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi ya gari la namba za KB usizitegemee. Linganisha na kuchakaa kwa usukani, pedali ya breki na kiti cha dereva.

Kabla ya kulipa chochote, hata arubuni, fanya upekuzi wa gari kwenye NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ili uone jina la mmiliki na kama kuna benki au kampuni ya mikopo iliyoandikwa pamoja naye, kwani magari mengi yamewekwa rehani na logibuku, yaani hati ya umiliki, haiko mkononi mwa anayeuza. Linganisha namba ya chesi iliyopigwa kwenye bati na ile ya kwenye kumbukumbu, tarakimu kwa tarakimu. Malipo yafanywe ndani ya benki, si kwa dalali wala kwenye simu ya mtu wa tatu, na mwenye gari awe ameanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake mbele ya macho yako. Ukiisha kuupokea katika akaunti yako, mwombe ufunguo wa pili kabla hamjaachana, kwa sababu kutengenezewa ufunguo mpya wenye chipu kutaila sehemu ya ile laki moja na nusu uliyoitenga.