Picha za Frida hapa Iringa: Mexico walimwingizia kitanda, mama yangu kanyimwa kiti

Naandika hasira hazijapoa, mnivumilie. Wiki kadhaa zimepita tangu nimpeleke mama kuona picha za Frida Kahlo, yule mchoraji wa Mexico, kwenye ukumbi mmoja hapa Iringa mjini. Sio michoro yake. Ni picha alizopigwa yeye, nyingi zikiwa za Nickolas Muray, mpigapicha ambaye walikuwa wapenzi kwa miaka. Zilizotundikwa ni nakala, na sina ugomvi na hilo.

Mama nilimpeleka makusudi. Aliugua polio utotoni, mguu wake wa kulia umebaki mwembamba kama mkongojo anaotembelea. Frida naye polio ilimkuta ana miaka 6, mguu huohuo wa kulia. Zile sketi ndefu watu wanazozisifia zilikuwa zinafunika mguu. Mama anayeshona vitenge vyake mpaka viburuze, nilijua hahitaji kuelezwa.

Tukatoka Ipogolo kwa daladala, kisha ngazi za ukumbi, mama akipumzika kila baada ya vidato vitatu. Mlangoni akamsalimia kijana, "Kamwene." Kijana, macho kwenye simu: "Tiketi." Haya, nikasema labda ana siku mbaya.

Ndani pazuri, siwezi kudanganya. Kuna ile ya mwaka 1939, Frida kakaa kwenye benchi jeupe, maua kichwani, ukuta wa nyuma umejaa maua, rangi zinawaka kama imepigwa jana. Mama akasogea mpaka pua inakaribia kioo. "Huyu mgongo unamuuma," akasema. "Mwangalie alivyokaa." Habari za ajali ya basi ya 1925 iliyomvunja uti wa mgongo nilikuwa sijamgusia hata kidogo.

Mguu ukaanza kumsumbua. Pembeni kulikuwa na kiti cha plastiki, kitupu, akakaa. Hata dakika haijaisha, kijana huyo: "Wewe mama, inuka! Hicho sio cha wageni."

Wewe mama! Nikamwonyesha mkongojo. Akasema utaratibu ni utaratibu, hapa watu wanaangalia wakitembea, aliyechoka akapumzike nje. Nimefungua mdomo nimjibu, mama ameshainuka. "Samahani, mwanangu," anamwambia. Mama ndiye anaomba samahani!

Sasa someni hili. Juu ya kiti hichohicho, ukutani, wamebandika maelezo kwamba mwaka 1953, Frida alipofanyiwa maonesho yake ya kwanza ya peke yake nchini kwao, madaktari walimkataza kutoka kitandani. Kitanda kikapelekwa ukumbini. Yeye akaja na gari la wagonjwa, akalazwa hapo katikati ya wageni wake. Mwenye ukumbi, Lola Álvarez Bravo, naye alikuwa mpigapicha. Kitanda kizima kilipita mlangoni! Na kijana wetu anashinda chini ya maneno hayo kutwa nzima, sijui anadhani ni urembo wa ukuta.

Kwa hiyo msiende. Nyota moja, na hiyo nampa Muray.

Ila kama miguu yako mizima, nenda tu, ile ya mtandio wa rangi ya waridi iliyokolea peke yake inalipa nauli. Halafu nikikumbuka "inuka" narudi palepale: hapana, wasipate hata mia yenu. Waliopanga maonesho walisoma maisha ya mwanamke huyu wakayabandika ukutani, wakasahau kununua viti viwili.

Tatizo ni mama mwenyewe. Tangu siku ile majirani hawana raha, kila anayekuja kuomba chumvi anahadithiwa habari za Frida. Jana kaniuliza kama picha bado zipo, na kama kigoda cha jikoni kinaenea kwenye lile kapu lake kubwa la milulu.

Kinaenea. Nimejaribu.