Vikaragosi chini ya bati: tathmini ya duka la vinyago mjini Tabora

Nilikuwa nimepanga kuitumia siku yangu moja ya Tabora kwenda Kwihara, kuitazama tembe alimoishi David Livingstone mwaka 1872, lakini mvua iliyoanza alfajiri ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata kijana wa bodaboda, ambaye angelipwa, alinishauri niahirishe. Treni yangu ya Kigoma ilikuwa ya usiku. Nikajibanza kwenye baraza ya duka moja la vinyago karibu na soko, na baada ya robo saa ya kurushiwa manyunyu nikaingia ndani.

Kwa mtu aliyezoea maduka ya aina hiyo, humo hamna jipya: twiga wa mninga, vibuyu, mikeka na asali iliyotiwa katika chupa za maji. Paa linavuja pembeni na bidhaa hazina bei. Nilichokikuta kwenye rafu ya nyuma ndicho kilichonifanya niandike. Vikaragosi vitano vya mbao vilikuwa vimelazwa juu ya gunia, mikono imelegea, nami nikamuuliza mzee mwenye duka, baada ya kumwamkia, kama vimevunjika.

“Havijavunjika, mwanangu, vimelala tu,” akajibu, akaweka kikombe chake cha chai chini.

Alichukua kimoja cha umbo la mwanamke, kichwa chake hakizidi ngumi, macho ni shanga nyeupe, gauni la kitenge likiuficha mkono wa mchezeshaji. Ndani ya gauni mna fimbo inayobeba kiwiliwili, na nyuzi mbili zinapita kwenye matundu ya mabega hadi vidoleni. Mzee alianza kusimulia, lakini mvua juu ya bati ilimeza kila neno, akanyamaza na kukiachia kikaragosi kazi yote. Mwanamke yule alitwanga. Akasita, akashika kiuno, akainua uso kulitazama paa linalovuja, kisha akanigeukia mimi, taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuliziba. Nilicheka peke yangu dukani. Bega lilikuwa likishuka kidogo kabla ya mkono, kama lishukavyo bega la mtu aliyechoka, na sidhani kama masimulizi yangeongeza kitu.

Sanaa hii si ngeni katika ukanda huu. Kwa Wasukuma, majirani wa watu wa Tabora, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno kuvuta watazamaji, na sanamu za mbao zenye viungo vinavyocheza zimekuwa miongoni mwa mbinu zao. Anayetaka kuijua zaidi historia ya ngoma hizo aende Makumbusho ya Bujora, nje kidogo ya jiji la Mwanza. (Neno letu karagosi lenyewe limetoka mbali: asili yake ni Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Uturuki. Kibaraka nalo limeshikwa na wanasiasa mpaka hatuwezi tena kulitumia kwa heshima.)

Kasoro kubwa ya duka ni kwamba hazina hii imefichwa. Hakuna maandishi yanayoeleza chochote, na mzee hakionyeshi kikaragosi mpaka aulizwe. Siku ya jua, yenye wateja wengi, nina shaka kama angepata nafasi. Bei aliyoanza nayo ilikuwa shilingi 50,000, tukapatana 35,000, ambayo naiona ya haki kwa uchongaji ule. Nyuzi, hata hivyo, ni za nailoni hafifu. Atakayenunua aombe kwanza kikaragosi kichezeshwe mbele yake, kisha avute kila uzi kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kulipa.

Mimi sikuvuta. Uzi wa kulia ulikatika kabla hatujafika Kaliua, nikaufunga upya kwa uzi wa kushonea niliopewa na mama tuliyeketi naye, na tangu hapo mwanamke wangu hutwanga vizuri, ila mkono wa kiunoni huchelewa kidogo kufika.