Uzoefu wangu na Steam Deck, konsoli inayoniruhusu kuifungua

Nianze na jibu kwa anayetafuta jibu tu: ndiyo, Steam Deck, konsoli ya magemu ya kushika mkononi, inafaa kununuliwa. Kuna konsoli zenye nguvu kuizidi, na kuna nyepesi zaidi ambazo chaji yake inadumu. Mimi naipenda kwa sababu gemu likigoma nina pa kuanzia. Hakuna mashine isiyo na hitilafu, na mtengenezaji anayekuahidi hivyo anakudanganya. Ninachokiangalia siku hizi kabla ya kutoa hela yangu ni kile ninachoruhusiwa kufanya hitilafu ikishajitokeza.

Konsoli niliyokuwa nayo kabla ya hii sitaitaja jina. Ilikuwa nzuri hadi ilipopokea sasisho la mfumo, ikaanza kukataa kufungua faili la gemu nililokuwa nimelicheza kwa miezi. Kwenye skrini zikaja herufi na tarakimu zisizo na maelezo yoyote, na chini yake kitufe kimoja cha kukubali. Huduma kwa wateja wakanijibu nifute kila kitu nianze upya. Huenda faili lilikuwa zima kabisa na ni sehemu ndogo tu iliyokuwa inasomwa vibaya. Sikuwa na njia ya kujua, maana konsoli ile haikuruhusu hata kuliangalia faili lenyewe, wala kulinakili kwingine likasubiri marekebisho. Nikafuta. Gemu lilirudi, hatua zangu hazikurudi, na mpaka leo hakuna aliyewahi kunieleza kilichoharibika.

Steam Deck ilitoka Februari 2022, kazi ya Valve, kampuni yenye duka la magemu la Steam, na ndani yake ni kompyuta kamili: chipu ya AMD, RAM ya GB 16, skrini ya inchi 7 kwenye toleo la kwanza na inchi 7.4 kwenye toleo la OLED lililofuata Novemba 2023. Mfumo wake, SteamOS, umejengwa juu ya Arch Linux, mojawapo ya matoleo ya Linux, mfumo wa kompyuta ulio wazi kwa wote. Bonyeza kitufe cha Steam, nenda sehemu ya kuzima, chagua kuhamia eneokazi, na baada ya muda mfupi mbele yako ziko folda, kivinjari na terminali (dirisha la kuandikia amri), kama kwenye kompyuta yoyote ya Linux. Hujavunja kufuli la mtu. Njia hiyo imewekwa na mtengenezaji mwenyewe.

Kwa niliyoyapitia, kitu cha kwanza kilichonivutia ni namna inavyopokea masasisho. Mfumo unatunzwa katika nakala mbili. Sasisho linaandikwa kwenye nakala ile isiyotumika, kisha mashine inawaka kutoka hapo. Ikishindwa kuwaka, inarudi kwenye nakala ya zamani. Mafaili yako yako sehemu nyingine kabisa, hayaguswi. Na ukiharibu kila kitu, Valve imeweka wazi picha ya mfumo ya kurejeshea, unaipakua na kuiwekea mashine yako upya kutoka kwenye flashi. Kwa mtu aliyewahi kuambiwa afute aanze upya, utaratibu huu peke yake ni heshima kubwa.

Sasa kwenye magemu. Kinachofanya magemu ya Windows yachezeke juu ya Linux ni Proton, ambayo Valve iliitoa Agosti 2018. Msingi wake ni Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux ulioanza mwaka 1993, nao ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, ukiunganishwa na DXVK, programu inayochukua maagizo ya picha ya Direct3D, yanayotumika Windows, na kuyageuza kuwa ya Vulkan, ambayo Linux inayaelewa. DXVK aliianzisha Philip Rebohle kwa sababu alitaka kucheza gemu la NieR: Automata kwenye Linux. Baadaye Valve ikaanza kumlipa aendelee na kazi hiyohiyo. Kila ninapowasha gemu la Windows kwenye mashine hii na likakubali, ninafaidika na hamu ya mchezaji mmoja aliyeamua kuandika msimbo badala ya kusubiri, na ambaye hakuuficha alipomaliza.

Nieleze kisa kimoja kwa karibu ili nieleweke. Kuna gemu la miaka mingi kidogo ambalo lilifunguka vizuri, lakini mahali pa video ya utangulizi yakaja mapande ya rangi, yale ya majaribio ya televisheni. Nikaenda kwenye sifa za gemu, nikaandika PROTON_LOG=1 %command% kwenye sehemu ya maagizo ya kuanzia, nikalifungua tena na kulifunga. Kwenye folda yangu kuu likatokea faili la maandishi lenye namba ya gemu hilo. Ndani yake kulikuwa na mistari mingi mno, ila huhitaji kuisoma yote: Wine huweka alama ya err kwenye makosa, na fixme pale ambapo waandishi wenyewe wanakiri kazi haijakamilika. Mistari ya mwisho kabla ya ukimya ilikuwa inahusu kusoma video.

Kumbe sababu inajulikana. Magemu mengi hutegemea visomaji vya video vinavyokuja na Windows, na baadhi ya miundo ya video inalindwa na hataza, yaani haki za uvumbuzi, ambazo haziruhusu mtu kusambaza visomaji vyake kiholela. Kwa hiyo Proton isipopata video inayoweza kuionyesha, huweka yale mapande ya rangi ili gemu liendelee badala ya kufa palepale. Proton ina orodha ya wazi ya matatizo kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kujadili msimbo, ambako magemu mengi yana ukurasa wake, na mchezaji mwingine alishaandika kuhusu gemu langu: tumia Proton-GE, toleo linalotengenezwa na watu wa kujitolea, ambalo hubeba marekebisho zaidi ya video. Nikaliweka, nikalichagua kwenye orodha ya matoleo, na video ikacheza mwanzo hadi mwisho.

Kazi yote hiyo haikuhitaji niwe mwandishi wa programu. Ilihitaji nijue kusoma na kutafuta. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi husikia maneno "programu huria" wakadhani ni mambo ya wahandisi pekee, kwamba mtu wa kawaida asiyeweza kusoma msimbo hafaidiki na kitu. Anafaidika. Hitilafu inapojadiliwa hadharani, jibu alilopata mmoja linabaki pale kwa ajili ya wa mia baadaye. Kwenye konsoli yangu ya zamani kila mmoja alikuwa anapiga simu peke yake na kupewa jibu lilelile.

Mfano mkubwa zaidi ni Elden Ring, iliyotoka Februari 2022, siku zilezile Deck ilipokuwa inaanza kuwafikia watu. Kwenye Windows gemu lile lilikuwa linakwamakwama, picha inasimama kidogo katikati ya pambano. Wahandisi wa Valve wakaona kwamba sehemu fulani za gemu hutengeneza maelfu ya vitu vya picha kwa mkupuo, na usimamizi wa kumbukumbu unaelemewa. Wakabadilisha vkd3d-proton, tabaka linaloshughulikia Direct3D 12, iwe inahifadhi nafasi hizo badala ya kuziomba upya kila mara. Gemu likawa linakwenda laini zaidi kwenye Deck kuliko kwenye kompyuta za Windows za wakati ule, na hakuna aliyegusa msimbo wa gemu lenyewe. Kati ya gemu na chipu kuna tabaka ambalo liko wazi, na tabaka hilo linaweza kusahihisha makosa ya pande zote mbili.

Linganisha na GTA Online. Gemu lilitoka mwaka 2013 na kwa miaka watu walilalamikia muda wa kulifungua. Mwaka 2021 mwandishi mmoja wa programu, asiye mfanyakazi wa Rockstar, kampuni yenye gemu hilo, na asiye na msimbo chanzo, alichoka kusubiri dakika sita kwenye kompyuta yake, akaichunguza programu ikiwa inafanya kazi. Alichokuta kinashangaza. Gemu lilikuwa linasoma faili la maandishi la MB 10 lenye orodha ya bidhaa kama 63,000, na kwa kila kipande kilichosomwa lilihesabu upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Ni sawa na mtu anayesoma kitabu na kabla ya kila neno anahesabu kurasa zote zilizosalia. Halafu kila bidhaa ililinganishwa na zote zilizotangulia, moja baada ya nyingine, kuhakikisha haijirudii. Alipotengeneza kiraka chake, muda ulipungua kwa takriban asilimia 70. Rockstar ilikiri, ikamlipa dola 10,000 na kutoa sasisho Machi mwaka huohuo. Naipongeza kampuni kwa kukubali. Lakini miaka zaidi ya saba! Msimbo ule ungekuwa wazi, siamini kama ungemaliza mwaka wa kwanza na kosa la aina hiyo.

Na wenye konsoli zilizofungwa hawawezi hata kufanya alichofanya yule bwana. Tarehe 1 Machi 2010 PlayStation 3 za matoleo ya mwanzo zilikataa kuingia mtandaoni kwa sababu saa yake ya ndani iliuhesabu 2010 kuwa mwaka mrefu, ikadhani kuna tarehe 29 Februari. Sony iliwashauri wenye mashine hizo wasizitumie mpaka tatizo liishe, na wenye mashine wakasubiri. Mwezi uliofuata, tarehe 1 Aprili, sasisho la 3.21 likaondoa uwezo wa kuweka Linux kwenye PS3, uwezo ambao mashine iliuzwa nao. Ukikataa sasisho, hucheti mtandaoni wala huchezi na wenzako. Jambo hili huwa linaniuma kuliko hitilafu yoyote: hitilafu ni bahati mbaya, ila kuondoa kitu mtu alichokwisha kukinunua ni uamuzi.

Mfumo wa PS4 wenyewe umetokana na FreeBSD, ambayo ni programu huria. Leseni yake inaruhusu kampuni kuchukua na kufunga bila kurudisha kitu, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Ila ndiyo maana nasema kuwepo kwa programu huria ndani ya kifaa hakumsaidii mnunuzi kama mlango wake umefungwa.

Uwazi haufanyi miujiza. Heartbleed, ile kasoro ya kiusalama ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, ilitoka na toleo la Machi 2012 na ikakaa machoni pa dunia nzima hadi Aprili 2014. Msimbo kuwa wazi hakumaanishi kuna mtu anausoma. Pia yapo malalamiko kwenye orodha za Wine yaliyokaa miaka bila kujibiwa, kwa kuwa wanaojitolea ni wachache na kazi ni nyingi. Na Valve yenyewe haijafungua kila kitu: programu ya Steam, yaani duka na maktaba yako yote, imefungwa kama za wengine. Natamani waifungue, angalau ile sehemu inayoendesha mashine.

Kwenye umbo la mashine sina mengi. Ni kubwa, ina gramu kama 669 kwa toleo la kwanza na 640 kwa OLED, na mikono inachoka ukicheza umelala. Betri ya toleo la kwanza Valve ilisema inakwenda saa 2 hadi 8, na kwa magemu mazito tegemea ile 2. OLED ina betri kubwa zaidi, Wh 50 badala ya 40, na tofauti unaisikia. Vipuri halali vinauzwa kupitia iFixit, kampuni ya vipuri na maelekezo ya ukarabati, vijiti vya kuongozea vinabadilishika kwa bisibisi, na Valve ilitoa hadharani hata michoro ya gamba la nje. Betri tu ndiyo imebandikwa kwa gundi kali kupita kiasi. Hilo walipaswa kulifikiria.

Kasoro nzito kuliko zote ni magemu ya ushindani yanayotumia programu za kuzuia udanganyifu. Easy Anti-Cheat na BattlEye zinaweza kufanya kazi juu ya Proton, lakini ni lazima mwenye gemu akubali kuziwasha, na wengi hawakubali. Fortnite haichezeki. Apex Legends ilikuwa inachezeka, ikafungiwa Linux mwishoni mwa Oktoba 2024. GTA Online nayo iliondoka Septemba 2024 ilipoweka BattlEye. Hakuna faili la kusoma wala toleo mbadala la Proton litakalokusaidia hapo. Kama gemu unalolicheza na rafiki zako kila jioni ni mojawapo ya haya, usinunue Deck. Kwa wengine, angalia kwanza ProtonDB, ambako wachezaji huandika wenyewe gemu gani linakubali na kwa mipangilio ipi, kisha chukua OLED ukiweza: mbali na skrini na betri, skrubu zake zinaingia kwenye chuma badala ya plastiki, na utazifungua zaidi ya mara moja.