Splita za umeme wa diski: ipi ununue, ipi uiache

Shemeji yangu hapa Langoni, Lamu, hupiga video za harusi, na kila msimu diski humjaa. Juzi alikuja na kompyuta yake ya mezani tumwongezee diski ya tatu. Mkononi alikuwa na splita ya bei rahisi aliyoagiza Mombasa, yaani waya wa kugawa plagi moja ya umeme iwe mbili. Nilimsihi asiichomeke.

Kabla hujatoa hela, fungua kasha ufuate waya za pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Mara nyingi utakuta plagi ya SATA, ile bapa ya kulisha diski umeme, haina kazi, imefungiwa nyuma huko. Hiyo ndiyo njia namba moja.

Ya pili ni kebo ya ziada, kama pawa saplai yako ni ya kebo za kuchomoa. Hakikisha imetengenezewa modeli hiyo hiyo. Kebo ngeni huingia vizuri tu, kumbe pini zimepangwa vingine: volti 12 zinapita pa volti 5 na diski inakufa hapo hapo, na harusi za watu ndani yake.

Ya tatu, splita ya kutoka Molex, ile plagi ya zamani ya pini nne, kwenda SATA mbili, kwa kuwa pini za Molex ni nene. Ya SATA kwenda SATA mbili naiweka ya nne. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla 4.5. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta kama ampea 2. Diski mbili zinatosha, usiunganishe splita juu ya splita. SSD, diski zisizozunguka, hazivuti umeme mwingi hivyo. Kadi ya michoro usiilishe kwa SATA kabisa.

Splita zote mbili hizo, ya Molex na ya SATA, geuza plagi uitazame mgongoni. Nzuri ina kifuniko cha kubana, na kila waya unauona umeingia kwenye njia yake. Mbaya ni donge moja la plastiki laini, lililomiminwa juu ya waya. Humo ndani waya huweza kusogeleana mpaka zikagusana, plagi ikapata moto na kuyeyuka, na pawa saplai isijizime. Hiyo usinunue hata kwa shilingi kumi.

Kwa hewa yetu ya chumvi, kagua pini pia. Ikiwa na ukijani, irudishe.

Ya shemeji ilikuwa donge. Niliikata kwa koleo mbele yake, kisha tukaikuta plagi ya SATA nyuma ya kasha, ingali na kamba yake ya kiwandani.